Somo la Historia: Ukali wa Pombe, na Nani Aliyeupima

Leo tutazungumza juu ya pombe. Wasiokunywa nao wasifunge redio, maana somo hili si la kunywa. Ni la sheria, na la jinsi watu walivyohesabiwa.

Tuanze na nchi ya Wazaramo, upande wa magharibi wa Dar es Salaam, ambako leo ipo Kinyerezi yenye mitambo ya umeme wa gesi. Katika nchi hii ya pwani kinywaji cha zamani ni tembo la mnazi. Mgema hupanda asubuhi na jioni, hukata ncha ya karara, na maji yake hudondoka katika kibuyu. Likiteremshwa bado jipya ni tembo tamu, karibu na sharubati. Lakini halingoji. Chachu imo ndani yake tayari, nayo hula sukari na kuigeuza kileo. Hata ifikapo jioni limekuwa tembo kali, na baada ya siku chache ni siki. Kwa hiyo ukiuliza tembo lina nguvu gani, utaulizwa nawe: la saa ngapi?

Hapakuwa na kipimo ila ulimi. Ile methali ya mgema aliyesifiwa akalitia tembo maji, watoto hufundishwa kuwa ni onyo juu ya sifa. Mimi naisoma kama ushahidi: wanywaji walionja, wakajua.

Mjini wakaja watu wa bara na pombe zao. Wachagga wana mbege, ya ndizi na kimea cha ulezi, yenye uchungu wa gome la msesewe. Watu wa Iringa wana ulanzi, utomvu wa mianzi, ambao ni wa majira ya mvua. Pombe za nafaka ni nzito, hunywewa zingali zinachachuka, na ya siku ya kwanza si sawa na ya siku ya tatu. Wapikaji wake wengi ni wanawake.

Kisha ikaja chupa. Kenya Breweries ilianzishwa Nairobi mwaka 1922, na Tanganyika Breweries Dar es Salaam mwaka 1933. Bia ya kiwanda huchujwa, nguvu yake haibadiliki, basi yaweza kuandikwa: leo Safari ni asilimia 5.5 na Kilimanjaro 4.5.

Lakini wakoloni hawakupima kinywaji, walimpima mnywaji. Nchini Kenya Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa mpaka mwaka 1947. Tembo la jioni laweza kulingana na bia hiyo kwa kileo. Basi tofauti haikuwa ndani ya kikombe.

Baada ya uhuru, Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 bado iliziweka pombe za kienyeji katika fungu lake, na leseni yake. Juu ya gongo kuna neno jingine. Pombe ya kukenekwa yaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha, na hapo hata ulimi wa mgema hausaidii.

Kundi lenu lizungumze: pombe ipikwayo mtaani kwenu, nani hujua nguvu yake, na hujuaje? Mama apikaye akipewa kipimo, leseni yake iwe ya fungu gani?