Uzi ndani ya uso

Mkoa wa Simiyu unaijua pamba kuliko mikoa mingine yote ya Tanzania. Kila msimu marobota hupakiwa Bariadi, Maswa, Meatu na Itilima, na sehemu kubwa huvuka mpaka kabla haijawa uzi. Uzi ninaousimulia hapa haukutoka shambani. Ni uzi wa maabara, unaotiwa chini ya ngozi kwa sindano ili kuinua shavu lililolegea au kunyoosha pua, bila kisu na bila kulazwa. Kliniki za urembo za Dar es Salaam na Nairobi huutangaza, na tangazo la simu halisimami Lamadi kusubiri gari. Linafika hadi Mwandoya, wilayani Meatu.

Watu wa huku hawakusubiri matangazo ili waanze kuzichanja na kuzichora nyuso zao. Nenda Meatu kwa Wataturu, wafugaji ambao vitabu vingi huwaita Wadatoga, ukutane na bibi mwenye duara la alama ndogo ndogo kuzunguka macho yake. Zilichanjwa akiwa kijana, zikapona, zikabaki makovu yaliyopangika kwa ustadi mkubwa. Nakiri kwamba naziona nzuri. Ila uzuri ulikuwa sehemu tu ya kazi ya alama hizo: aliyekutana na bibi huyo njiani alijua yuko mbele ya mtu wa kabila gani. Alama hizo ziliwekwa zionekane.

Kwa Wasukuma wembe ulikuwa na kazi nyingine. Mganga, nfumu, alichanja chale na kupaka dawa, na miongoni mwa dawa hizo imo samba, dawa ya mvuto. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vinavyoshindana baada ya mavuno, viliithamini sana, kwa sababu mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi kuja upande wake. Mchezaji aliyepakwa samba hakubadilishwa sura hata kidogo. Walichotarajia kibadilike ni macho ya wanaomtazama.

Desturi hiyo ya kuchanja ilitikiswa na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata ujumbe wa kutochangia wembe ulienezwa zahanati kwa zahanati. Watu walianza kuuliza swali ambalo halikuwa na uzito zamani: kifaa hiki kimepita mwilini mwa nani kabla yangu?

Kuna sura moja ya historia hii ambayo siwezi kuiruka, ingawa haihusu urembo. Bariadi ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012, na katika nchi hii ya Usukuma wanawake wazee waliuawa kwa sababu ya macho mekundu. Miti ilikuwa imefyekwa kwa miongo mingi, kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba na malisho. Kuni zikaadimika, akina mama wakapikia samadi kavu ya ng'ombe, na moshi wake ukawachoma macho miaka nenda miaka rudi. Jirani akayatazama macho yale akasema huyu ni mchawi. Mradi wa HASHI wa kurudisha miti na ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa, ulianza mwaka 1986. Hofu ya uso wa bibi iliendelea kuua muda mrefu baada ya hapo. Mtu anayedhani kujali uso ni upuuzi wa mjini aikumbuke habari hii.

Tukirudi kwenye urembo, mkorogo ulikuja na ahadi ya weupe. Serikali ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na mwaka 2003 ikaunda TFDA kusimamia chakula, dawa na vipodozi. Mwaka 2019 kazi ya vipodozi ilihamia TBS, shirika la viwango, na TFDA ikawa TMDA, inayoshughulika na dawa na vifaa tiba. Mgawanyo huo unamhusu moja kwa moja anayewaza kutiwa nyuzi: krimu ni kipodozi, lakini uzi unaoingia mwilini ni kifaa tiba.

Kwa upande wa pili wa dunia, hamu ya kurekebisha pua bila kisu ina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1899 daktari Robert Gersuny wa Vienna alianza kudunga parafini mwilini, na punde wenzake wakaitumia kujaza pua zilizobonyea, nyingi kwa sababu ya kaswende. Matokeo ya siku za mwanzo yaliwafurahisha wote. Baadaye parafini ilihama, ikafanya mavimbe magumu chini ya ngozi. Gladys Deacon, Mmarekani aliyesifika Ulaya kwa uzuri wake, alidungwa puani akiwa kijana. Nta ikateremka na kumharibu uso.

Uzi wenyewe una ukoo wa heshima hospitalini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hariri ilipoadimika, madaktari wa Marekani walishona wagonjwa kwa uzi wa pamba. Mwaka 1964 John Alcamo alipewa hataza ya uzi wenye vimiiba unaoshika nyama bila fundo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marlen Sulamanidze, daktari wa Moscow, akalipeleka wazo hilo usoni na kuuita uzi wake Aptos. Vimiiba hunasa chini ya ngozi, uzi ukivutwa ngozi hupanda. Nyuzi za kwanza zilikuwa za plastiki isiyoyeyuka, na baadhi ya wateja walijikuta na ncha zikichomoza shavuni au uso umekunjamana upande mmoja. Aina moja iliyoruhusiwa Marekani katikati ya miaka ya 2000 iliondolewa sokoni baada ya miaka michache.

Korea Kusini ndiko nyuzi zilikopata maisha mapya. Huko tiba ya asili ya kupachika uzi kwa sindano ilikuwa inajulikana, na madaktari wakatumia polidioksanoni, uzi wa kushonea unaotumika hospitalini tangu miaka ya 1980 na unaoyeyuka baada ya miezi sita au zaidi kidogo. Mwili huuzungushia kolajeni, kwa hiyo ngozi hubaki imeshikika kwa muda. Hata hivyo, ndani ya mwaka mmoja au miwili shavu hurudi lilipokuwa. Puani nyuzi hupangwa kwenye mgongo wa pua na kwenye nguzo inayotenganisha matundu, nayo ndiyo sehemu inayonitia wasiwasi. Ngozi ya ncha ya pua haina nafasi. Uzi unaweza kuitoboa, na vijidudu vikiingia hufuata uzi mpaka ndani.

Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza upasuaji wa urembo, na kwangu hilo lilikuwa jambo jema. Limeiweka hamu hii mikononi mwa watu wenye leseni, mafaili na miadi ya kurudi. Alama za Wataturu kila mtu aliziona. Uzi husifiwa kwa kuwa hauonekani, na wengi huuficha hata kwa mume, hata kwa mama mzazi. Shida huanza unapofichwa kwa daktari.

Fikiria dada aliyetiwa nyuzi Dar es Salaam, akapanda basi kurudi Bariadi, na siku chache baadaye pua ikavimba na kutoa usaha. Aliyemtia yuko umbali wa mamia ya kilomita. Atakayempokea hospitali ya mkoa ataona jipu, na asipoambiwa atalitibu kama jipu, wakati uzi uliobeba maambukizi umebaki ndani na huenda ukahitaji kutolewa. Kabla ya kulala kwenye kitanda cha kliniki ana haki ya kuuliza leseni ya daktari kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika, kuona pakiti ikifunguliwa mbele yake, na kuondoka na karatasi yenye jina la uzi, namba ya toleo, idadi ya nyuzi na mahali kila mmoja ulipopita. Karatasi hiyo apande nayo basi, na akifika hospitali ya mkoa aitoe kabla hajaulizwa.