Mgongo Ukiuma, Usilale Tu

Ndugu zangu wa pwani, Tawa, kule Makueni, ni vilima vitupu; mie niliyezoea mchanga nilihema. Nilimkuta mkaza mwanangu kitandani siku ya tano, kiuno kimemkaza. Hubeba mtungi wa lita 20, kilo 20 hizo, kamba ikipita kipajini.

“Nimeambiwa nisijitikise, mama.”

Kazi yangu ni kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo, na kosa hili naliona kila siku. Kulala sana hudhoofisha misuli; maumivu ya kawaida ya kiuno hutaka mtu atembee kidogo kidogo. Tukaanza uani, hatua chache, kisha magoti kifuani taratibu. Maji akayagawa: lita 10, mara mbili.

Lakini mguu ukilegea, mapajani kwa ndani kukifa ganzi, au mkojo usipozuilika, ni hospitali siku ile ile.