Historia ya wadi, sehemu ya 6: Watoto ambao hakuna aliyewapangia kukua

Wapendwa, wengi mmeniuliza: kabla dawa hazijafika, yatima wenye virusi vya UKIMWI walikuwa wanapelekwa wapi? Jibu fupi ni kwamba kwingi hawakupokelewa. Leo tukae na nyumba moja iliyowapokea, Nyumbani, hapa Nairobi.

Mwaka ni 1992. Padri Angelo D'Agostino, Mjesuti Mmarekani aliyekuwa pia daktari, anaifungua na watoto watatu walioachwa. Tusifichane: wakati huo kuwapokea kulikuwa ni kuhakikisha hawafi peke yao.

Hapa niskize kama nesi. Kipimo cha siku hizo kilitafuta kingamwili, si kirusi chenyewe. Na mtoto mchanga huzaliwa na kingamwili za mama, anaweza kuzibeba hadi miezi 18. Kwa hiyo mtoto wa wiki mbili aliyekataliwa na shangazi kwa sababu ya ile karatasi, pengine hakuwa na kitu! Hata bila dawa, watoto wengi wa mama mwenye virusi hawaambukizwi. Pale Nyumbani waliliona hilo kwa macho. Mtoto analishwa, anasubiriwa, anapimwa tena, anakutwa hana. Siku hizi wiki ya sita tunadunga kisigino, matone ya damu kwenye kadi, na tunatafuta kirusi chenyewe. Mimi kila nikidunga nawakumbuka wale waliotupwa kwa kipimo kilichosomwa mapema.

Waliobaki na virusi walihitaji dawa. Mwaka 2000 dawa za mtu mmoja zilipita dola 10,000 kwa mwaka, basi hebu piga hesabu ya nyumba nzima. Mwaka 2001 Cipla ya India ikatangaza bei ya dola 350 kwa mashirika ya misaada, na padri akasema hadharani ataziagiza. Mwaka huohuo Bunge letu likapitisha sheria iliyofungulia mlango dawa za bei nafuu.

Basi watoto wakaanza kukua, jambo ambalo hakuna aliyelipangia. Wakataka shule. Elimu ya msingi ilikuwa bure tangu 2003, lakini hawa wakakataliwa. Mtoto ameponea kaburi, anakwama kwenye geti la shule! Ikabidi Nyumbani waende mahakamani, na Januari 2004 ikakubaliwa wapokewe.

Mwaka 2006 kikaanzishwa kijiji kule Kitui, yatima wakikaa na nyanya na babu waliofiwa na watoto wao. Padri alifariki Novemba mwaka huo, akiwa na miaka 80.

Wiki jana nilikuwa najaza fomu na kijana mmoja aliyelelewa kwenye makao ya watoto, siyo haya. Tukafika pale pa jamaa wa karibu. Akanyamaza, akauliza, "Sista, lazima awe wa damu?" Nikamwambia hapana. Akaandika jina la mama aliyekuwa akiwapikia.