Majaribio ya Vivinjari na Majina ya Faragha

Katika kazi ya istilahi, aghalabu neno hutufikia likiwa limekwisha kukomaa ugenini. Chombo kimeundwa, kimeenea, kimezoeleka. Kisha ndipo tunapoulizwa kinaitwaje kwa Kiswahili. Katika makala haya tunakusudia kukitazama chombo kimoja, yaani kivinjari cha intaneti, katika kipindi ambacho sisi watu wa istilahi hatuna desturi ya kukitazama: kipindi cha majaribio, kabla toleo kamili halijatolewa kwa umma. Sababu yetu ni moja. Ukiifuata historia ya vivinjari tangu mwaka 1994, utaona kwamba mambo mengi yahusuyo faragha ya mtumiaji yaliamuliwa katika kipindi hicho, na pamoja nayo yaliamuliwa majina. Majina hayo baadaye yalitafsiriwa katika lugha nyingi, yetu ikiwamo, bila ya kuulizwa kama yanasema kweli.

Neno kivinjari lenyewe halina ugomvi. Kitenzi vinjari kilikuwa na maana ya kuzunguka huku na huku, mara nyingi kwa nia ya kuchungulia na kupeleleza, na waliolipendekeza neno hilo walichagua vizuri. Hata hivyo mambo yamegeuka kidogo. Zamani mwenye kuvinjari ndiye aliyekuwa akichungulia. Siku hizi yeye ndiye anayechunguliwa.

Kivinjari cha kwanza kiliandikwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, na mwaka 1993 kilifuata Mosaic kutoka Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Hivyo viwili havitatuchelewesha. Kinachotuhusu ni cha tatu, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Netscape. Tarehe 13 Oktoba 1994 wenye kampuni walitoa toleo lililoitwa 0.9, yaani toleo lisilotimia moja. Waandishi wa programu wana desturi ya kutumia herufi za Kigiriki: toleo la alfa hujaribiwa na wenyewe waliolitengeneza, na toleo la beta hutolewa nje kwa watu wanaokubali kulitumia likiwa bado na kasoro, ili kasoro hizo zionekane. Kwa Kiswahili tunaona toleo la majaribio linatosha kwa beta, wala hatuoni haja ya kuingiza herufi za Kigiriki ambazo hata Mwingereza wa kawaida hazimwambii kitu.

Sasa, ndani ya toleo hilo la 0.9 mlikuwa na jambo ambalo watumiaji hawakuelezwa. Mhandisi Lou Montulli alikuwa amebuni mwaka huo huo njia ya kuiwezesha tovuti kumkumbuka mgeni wake. Seva hupeleka kipande kidogo cha maandishi, kivinjari hukihifadhi, na kila mgeni arudipo, kivinjari hukirudisha kipande kile kwa seva kama mtu aonyeshaye cheti chake mlangoni. Kwa Kiingereza kiliitwa kwa neno la biskuti, kutokana na msemo wa zamani wa waandishi wa programu, na katika skrini za Kiswahili leo tunakisoma kidakuzi. Sikio la Mswahili husikia humo kitenzi kudaka, jambo ambalo si baya hata kidogo, maana kitu chenyewe hudaka. Matumizi yake ya kwanza yalikuwa ya amani kabisa: kujua kama mtu aliyefika kwenye tovuti ya Netscape alikuwa amekwisha kufika hapo kabla. Lakini vidakuzi vilipokewa na kivinjari bila ya mwenye kompyuta kuarifiwa, na umma haukupata habari hizo kwa upana mpaka gazeti la Financial Times lilipoziandika tarehe 12 Februari 1996. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi kitu hicho kiliishi katika kompyuta za watu kikiwa na jina la watu wa kazi tu, na kitu kisicho na jina mdomoni mwa watu si rahisi kukilalamikia.

Ugomvi mkubwa haukuwa juu ya kidakuzi cha tovuti uliyoifungua mwenyewe, ambacho hapa tutakiita kidakuzi cha mwenyeji. Ulikuwa juu ya kidakuzi cha nje. Ukifungua ukurasa wa gazeti, picha ya tangazo iliyomo ukurasani huenda inatoka katika seva ya kampuni nyingine, na kampuni hiyo nayo hupanda kidakuzi chake. Kesho ukifungua ukurasa wa duka lenye tangazo la kampuni ile ile, hukutambua. Na kwa jinsi hiyo hufuata nyayo zako toka tovuti hadi tovuti, ingawa wewe hujapata kuingia kwake hata siku moja. Waraka wa kiufundi wa Februari 1997, ambao Montulli mwenyewe alikuwa mmoja wa waandishi wake wawili, ulitaka vivinjari visivipokee vidakuzi vya namna hiyo isipokuwa mtumiaji ameamua vinginevyo. Vivinjari vikubwa vya wakati ule havikuufuata.

Ndipo tunapofika mwaka 2008, ambao kwa mtu wa istilahi ni mwaka wa kuusoma kwa makini. Tangu Aprili 2005 kivinjari cha Safari kilikuwa na namna ya kuvinjari isiyoacha kumbukumbu katika kompyuta. Mwishoni mwa Agosti 2008 kampuni ya Microsoft ilitoa toleo la pili la majaribio la Internet Explorer 8 likiwa na kitu cha namna hiyo hiyo kiitwacho InPrivate. Na tarehe 2 Septemba, siku chache tu baadaye, Google ilitoa Chrome, nayo ikiwa ya majaribio, ikiwa na dirisha liitwalo Incognito. Mozilla nao walifuata katika matoleo ya majaribio ya Firefox mwishoni mwa mwaka huo, na toleo kamili lilitoka Juni 2009.

Katika toleo la majaribio la Microsoft mlikuwa pia na kifaa cha pili, kilichokusudiwa kuwakatia njia watu wa nje wanaofuata nyayo za msomaji. Jina lake la Kiingereza lilikuwa na maana ya kuzuia. Lilipotoka toleo la Januari 2009, ambalo ni la mwisho mwisho kabla ya kukamilika, jina lilikuwa limebadilika: sasa lilikuwa na maana ya kuchuja. Na katika toleo kamili la Machi 2009 kifaa hicho hakikufanya kazi mpaka mtumiaji akiwashe mwenyewe, tena kila afunguapo kivinjari upya. Msomaji wa Kiswahili aliyekutana na toleo kamili peke yake hakuweza kujua kwamba kuchuja kulikuwa kumeanza kama kuzuia. Mwenye kuzuia husimama mlangoni, na mwenye kuchuja huacha mengi yapite. Mfasiri aliyepewa neno la pili tu hana lawama, lakini ametafsiri nusu ya habari.

Turudi kwenye dirisha lile la Chrome, maana hapa ndipo lugha yetu ilipoguswa. Katika Kiswahili cha skrini za Google hali hiyo inaitwa hali fiche. Kwa upande wa sarufi hatuna la kusema. Kwa upande wa maana tunalo. Kitenzi ficha katika Kiswahili huweza kubeba watendwa wawili: kuna kinachofichwa, na kuna anayefichwa. Twasema amemficha baba yake barua, na kila mtu anaelewa kwamba baba ndiye asiyejua. Jirani huenda anajua, na karani wa posta hakika anajua. Tukisema hali fiche, huyu wa pili ameachwa nje. Amefichwa nani? Jibu la kweli ni kwamba amefichwa yule atakayekalia kompyuta hiyo baada yako, kwa kuwa orodha ya kurasa ulizozifungua na vidakuzi ulivyovipata hufutwa unapolifunga dirisha. Mwenye tovuti hakufichwa. Mwajiri mwenye mtandao wa ofisi hakufichwa. Kampuni iliyokuunganisha na intaneti haikufichwa.

Wala si sisi peke yetu tulioona upungufu huo. Mwezi Juni 2020 watumiaji wa Marekani waliishtaki Google katika mahakama ya California wakidai kwamba waliendelea kukusanyiwa habari zao hata walipokuwa ndani ya dirisha hilo. Mwezi Desemba 2023 pande mbili zilikubaliana, na nyaraka zilizopelekwa mahakamani Aprili 2024 zilionyesha kwamba kampuni ingefuta kumbukumbu zinazohesabika kwa mabilioni. Kati ya miezi hiyo miwili, mwezi Januari 2024, maelezo yanayotokea unapolifungua dirisha hilo yalibadilishwa. Maelezo mapya yalisema kwamba watu wengine wanaotumia chombo hicho hawataona uliyoyafanya, ila hilo halibadili jinsi tovuti na huduma zinavyokusanya habari, za Google zikiwamo. Mabadiliko hayo yalionekana kwanza katika toleo la majaribio liitwalo Canary. Jina la dirisha halikubadilishwa.

Jina Canary nalo lina historia. Katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza wachimbaji walikuwa wakishuka na ndege mdogo katika tundu, naye alizimia kabla yao hewa ilipokuwa na sumu. Desturi hiyo iliachwa mwaka 1986. Ndege huyo ni wa jamii ya chiriku. Kwa hiyo tungeweza kusema toleo la chiriku, kama si kwamba kwa Kiswahili chiriku ni pia mtu mwenye maneno mengi asiyeweza kunyamaza. Kusema kweli tafsiri hiyo ya bahati si mbaya. Matoleo ya majaribio, kwa ajili ya kugundua kasoro, kwa kawaida hupeleka kwa watengenezaji vipimo vingi zaidi vya jinsi yanavyotumiwa kuliko toleo kamili. Mtu anayejitolea kujaribu kifaa kipya cha faragha hulipa kwa sehemu ya faragha yake mwenyewe, na ingefaa aambiwe hivyo kwa lugha anayoielewa.

Firefox kwa upande wake iligawa matoleo yake kwa ngazi mwaka 2011, la kwanza likiwa lile linalotengenezwa upya kila usiku. Katika ngazi hiyo, Februari 2013, kiliingizwa kifungu kilichoandikwa na Jonathan Mayer, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, cha kukataa vidakuzi vya nje vya tovuti ambazo mtumiaji hajapata kuzitembelea. Kilikusudiwa kuwa katika toleo la 22. Jumuiya za watangazaji wa biashara zilikipinga vikali. Mwezi Mei Mozilla walitangaza kwamba kinahitaji kuchunguzwa zaidi, na toleo la 22 lilipotoka mwezi Juni watumiaji wa kawaida hawakukipata. Waliokuwa na toleo la kila usiku walikuwa wameishi na ulinzi ambao majirani zao hawakuujua. Miaka sita ilipita mpaka Septemba 2019, Firefox 69 ilipoanza kuvizuia vidakuzi vya wafuatiliaji wanaojulikana bila ya mtumiaji kuagiza. Safari ilivizuia vya nje vyote Machi 2020. Google iliahidi Januari 2020 kwamba ingeviondoa katika muda wa miaka miwili, ikaahirisha mara kadhaa, ikaanza jaribio kwa asilimia 1 ya watumiaji wa Chrome tarehe 4 Januari 2024, na mwezi Julai mwaka huo ikaacha mpango wa kuviondoa.

Kwetu Afrika ya Mashariki jambo hili si la skrini peke yake. Neno faragha limo katika ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kenya ilikuwa imetunga yake mwaka 2019. Mwananchi aonapo kitufe chenye neno faragha ana haki ya kudhani kwamba anapewa kile kile kinachotajwa na sheria. Neno moja haliwezi kuwa haki mahakamani na wakati huo huo kuwa jina la dirisha lisilomlinda mtu na mwenye tovuti. Kwa sababu hiyo hatuungi mkono dirisha la faragha, ingawa ni tafsiri iliyo sahihi ya Kiingereza chake. Hali fiche ina nafuu kidogo, kwa kuwa haigusi neno la sheria. Sisi tungependelea dirisha lisilotunza kumbukumbu. Ni refu, na tunajua watengenezaji watasema halienei katika kitufe. Lakini halidai zaidi ya linalolifanya.

Kwa ngazi za matoleo tunapendekeza toleo la kila usiku, toleo la majaribio na toleo kamili. Kuhusu kidakuzi cha mwenyeji na kidakuzi cha nje, wako wanaosema mhusika wa tatu, kwa kufuata lugha ya mikataba. Shida yake ni kwamba katika mkataba mhusika hujulikana kwa jina, hali huyu wa vidakuzi hajulikani na msomaji hata kidogo. Maoni ya wasomaji kuhusu maneno hayo mawili tutayapokea, hasa kutoka kwa wanaofasiri maelezo ya programu kila siku, kabla hayajapelekwa kwenye kikao cha usanifishaji.