Redio ya Jirani: Fundisho la Ngara kwa Usharika Wetu

Anayeandika habari za usharika huanza na wainjilisti, kengele na ujenzi wa kanisa. Ni vyema tuikumbuke pia redio, kwa kuwa iliwafikia wengi ambao mwinjilisti hakuwafikia.

Februari 1963 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilifungua kituo cha Sauti ya Injili huko Addis Ababa. Vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi, vikapelekwa Ethiopia, kisha vikaturudia kwa masafa mafupi. Ilikuwa sauti kubwa, lakini mtambo ulikuwa ugenini. Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilikitaifisha kituo hicho, na Kanisa likabaki bila mtambo wake.

Hapa nchini, Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu redio zisizo za serikali. Mwaka uliofuata msiba ulitufikia. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. TCRS, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho letu, ilikuwa miongoni mwa waliowahudumia. Huko walikotoka, redio ya RTLM ilikuwa imewachochea watu kuwaua jirani zao. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili.

Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara. Jina hilo, kwa Kinyarwanda na Kirundi, lina maana ya tumaini. Chombo kilekile kilichotumika kuangamiza kikawekwa katika kazi ya elimu, afya na upatanisho. Wakimbizi wa Rwanda waliporudishwa kwao Desemba 1996, redio haikufungwa. Iliendelea kuwahudumia Warundi pamoja na wenyeji.

Ndugu wasomaji, jambo hili linatuhusu sisi wa Ushirombo. Dhahabu imetuletea watu wa kila kabila, na vijana wetu huchenjua kwa zebaki mikono mitupu. Katika ukanda huu vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa uongo wa waganga. Uvumi hauhitaji leseni wala mtambo. Redio ndogo ya jamii, isiyotafuta faida, inaweza kuujibu, kwa sababu msikilizaji anamfahamu mtangazaji na anaweza kumhoji sokoni.

Lakini kazi hiyo ina gharama. Mfadhili akiondoka, ni nani atakayelipa umeme na leseni? Tena, Kanisa likikishika kipaza sauti peke yake, Mwislamu na asiye na dini watafunga redio, na maonyo kuhusu zebaki hayatawafikia. Usharika unapoingia karne yake ya pili, tumwombe Mungu atupe moyo wa kuchangia sauti ambayo hata jirani asiyesali nasi ataiita yake.