Simulizi la Mraibu na Kumbukumbu za Studio: Art Pepper, 1950–1982

Kwa msikilizaji wa Mafinga aliyekulia katika santuri za Western Jazz na Morogoro Jazz, “jazi” ni jina la bendi ya dansi, na saksafoni ni mdomo wa bata unaojibizana na magitaa. Jazi ya Art Pepper, Mmarekani wa California aliyezaliwa mwaka 1925, ni nyingine: mpulizaji husimama mbele peke yake, akitunga papo hapo. Insha hii inadai kwamba simulizi la maisha yake halina budi kusomwa sambamba na tarehe za kurekodi, kwa sababu limeificha kazi yake kuliko lilivyoyaficha makosa yake.

Makosa hakuyaficha. Katika kitabu cha Straight Life (1979), kilichotokana na mazungumzo ambayo mkewe Laurie aliyanasa kwenye kanda, anaeleza jinsi alivyoanza kutumia heroini Chicago mwaka 1950, akiwa katika bendi ya Stan Kenton. Vifungo vikafuatana: 1954–1956, 1960–1961, kisha tena kuanzia 1961 hadi katikati ya muongo huo, ikiwemo miaka ya gereza la San Quentin.

Kisa kinachorudiwa zaidi ni cha tarehe 19 Januari 1957. Pepper anasimulia kuwa asubuhi hiyo ndipo alipoambiwa kwamba angerekodi na wanamuziki watatu wa Miles Davis: Red Garland, Paul Chambers na Philly Joe Jones. Alikuwa hajaigusa ala kwa muda mrefu. Hata koki ya shingo yake ilikuwa imekauka. Alijidunga, akaenda studio, na ikapatikana albamu ya Art Pepper Meets the Rhythm Section. Kisa kitamu. Lakini kumbukumbu za studio zinaonyesha kuwa tarehe 14 Januari, siku 5 tu kabla, alikuwa akirekodi albamu ya Modern Art, aliyoianza tarehe 28 Desemba 1956.

Je, alidanganya? Nasita kulitumia neno hilo. Anayekumbuka baada ya miaka 20 hukumbuka arosto na hofu. Siku za kazi ya kawaida haziachi kovu. Lawama ni yetu zaidi, sisi tuliopenda kuamini kwamba heroini ndiyo iliyopuliza. Tarehe zinasema kinyume. Mwishoni mwa 1960 alirekodi Smack Up na Intensity kwa wiki chache tu. Intensity ilitoka mwaka 1963, mwenyewe akiwa mfungwa. Albamu nyingine ya studio chini ya jina lake haikurekodiwa hadi Living Legend, mwaka 1975. Hiyo ndiyo bei, na inahesabika: karibu miaka 15.

Alirudi akiwa katika tiba ya methadoni, dawa ambayo Muhimbili ilianza kuwapa waraibu mwaka 2011 na ambayo leo hutolewa hata Mbeya. Hakupona kabisa, kokeini aliendelea nayo. Hata hivyo ndiyo miaka aliyofanya kazi nyingi kuliko yote: Village Vanguard ya New York mwaka 1977, ziara za Japani, albamu baada ya albamu. Mei 1982 alikuwa studioni na mpiga piano George Cables. Alifariki tarehe 15 Juni.