Shule ya Kiingereza Katika Nchi ya Kasungu

Mwaka 1981 Rais Hastings Kamuzu Banda wa Malawi alifungua Kamuzu Academy huko Mtunthama, Kasungu, kaskazini ya Lilongwe. Shule hiyo iliundwa kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza, hata ikaitwa Eton ya Afrika. Vijana hodari waliteuliwa kutoka kila wilaya, wakafundishwa Kilatini na Kiyunani.

Lakini walimu waliletwa kutoka ng'ambo. Mwalimu Mmalawi, ambaye kodi ya jamaa zake iliisaidia shule hiyo, hakupewa nafasi ya kufundisha humo. Na serikali iliyojenga shule hiyo ndiyo iliyowafunga wapinzani wake katika gereza la Dzaleka, wilayani Dowa.

Mwaka 1994 Banda alishindwa katika uchaguzi. Baadaye shule ikawa ya wenye uwezo wa kulipa karo. Dzaleka nayo ikawa kambi ya wakimbizi, na leo watoto wanasoma palipokuwa na gereza.

Askari anayelinda majengo hayo na akumbuke funzo hili: taifa lisilowaamini walimu wake huazima heshima, na cha kuazima hakisitiri.